Rukhsa Aliyoikataa Baba: Niliyojifunza Nikimuuguza Baada ya Upasuaji wa Moyo

Baba alifanyiwa upasuaji wa moyo mwezi wa Rajabu, katika hospitali moja ya Nairobi, baada ya mishipa mitatu inayoulisha moyo wake damu kukutwa imeziba. Madaktari walichukua mshipa kutoka mguuni mwake wakaipa damu njia mpya ya kupita, na ili waufikie moyo iliwabidi waupasue mfupa wa kidari kwa urefu wake, kisha waufunge tena kwa nyaya za chuma. Tulirejea naye Lamu baada ya wiki tatu. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote anayejiandaa kumuuguza mzazi mcha Mungu, kwa sababu jambo lililotutaabisha zaidi nyumbani kwetu halikuwa kidonda wala gharama. Lilikuwa kumfanya mtu aliyeswali kwa kusimama maisha yake yote akubali kwamba, katika hali yake ile, kuswali kwa kukaa ni ibada kamili.

Tahadhari zilianza njiani. Kutoka uwanja wa ndege wa Manda hadi mjini ni lazima kuvuka kwa mashua, na kila mtu wa Lamu anapofika gatini hunyoosha mkono ili avutwe juu. Baba alikuwa amekatazwa hilo. Mfupa wa kidari huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga, na muda wote huo hakutakiwa kuvuta, kusukuma wala kunyanyua kitu cha zaidi ya kilo 2 au 3. Tuliuliza mapema saa za maji kujaa ili zisibaki ngazi nyingi za kupanda, na kaka zangu wawili wakamshika kiunoni, si mikononi wala makwapani, huku yeye amekumbatia mto kifuani kama alivyofunzwa hospitalini afanye kila anapokohoa. Nyumbani tulikuwa tumekwisha kukishusha kitanda chake chini, kwa kuwa ngazi zetu za mawe ni za kusimama wima na hata mzima huzipanda akihema.

Wageni walifika kabla hatujafungua mizigo. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, na Mkomani, mtaani kwetu, hakuna anayeipuuza haki hiyo, lakini siku ile ya kwanza Baba alipokea watu tangu adhuhuri hadi usiku, akijilazimisha kuketi wima kwa kila mmoja, na alfajiri yake hakuweza hata kunywa uji. Kosa lilikuwa letu sisi wanawe, kwa sababu tuliona haya kusema. Kuanzia siku ya pili kaka yangu mkubwa alikaa dakani, kwenye baraza la mlangoni, na buli la kahawa, akawapokea wageni pale, akawapa habari za mgonjwa na kuzipokea dua zao, kisha baada ya alasiri wakawa wanaingia wawili wawili kwa dakika 10. Hakuna aliyekasirika. Wazee wengi walituambia kuwa tungefanya hivyo tangu mwanzo. Akina mama wa mtaani, ambao usiku wa Ijumaa walikuja kusoma Yasini, walisomea juu, na sauti ikamshukia Baba chini akiwa amelala.

Sasa nifike kwenye rukhsa, yaani wepesi ambao dini humpa mwenye udhuru katika ibada. Katika wiki ya pili baada ya kurudi, niliamka kabla ya adhana ya alfajiri nikasikia pumzi ya kukwama chumbani mwake. Nilimkuta juu ya mswala, kipaji cha uso kikiwa chini, hawezi kuinuka. Alikuwa ameshuka kusujudu peke yake, na alipotaka kunyanyuka mikono ilibeba uzito wa mwili, kidari kikavutika, maumivu yakamzuia pale pale. Niliwaita kaka zangu, tukamgeuza ubavu taratibu na kumwinua. Mfupa, namshukuru Mola, haukuachana. Nilipomweleza kwa mara nyingine maneno ya daktari alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mwanangu, daktari ni wa kifua. Hii ni sala."

Nilielewa wakati ule kwamba hakuna kipimo wala picha ya mfupa ambayo ingemshawishi, kwa kuwa yeye hakuwa na shaka na utabibu. Alichokiogopa ni kumpunguzia Mola wake. Jawabu lilipaswa kutoka mle mle ndani ya dini. Tulimwomba ami, kaka yake mkubwa ambaye amesomesha chuo cha Kurani kwa miaka mingi, aje. Ami hakuhutubu. Alimkumbusha hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba Imran bin Huswayn alipokuwa mgonjwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Kisha akamkumbusha alivyosema Mtume kuhusu kupunguza sala safarini, kwamba hiyo ni sadaka ambayo Mwenyezi Mungu amewapa waja wake, basi waipokee. "Mdogo wangu," akamwambia, "wewe sadaka ya Mola wako unairudisha?" Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Ilipoadhiniwa adhuhuri aliomba kiti.

Kwa hiyo nakushauri, wewe unayemuuguza mzazi wa namna hii, usimwache daktari peke yake aubebe mzigo wa kukataza. Mtafute mapema mtu ambaye mzazi wako humsikiliza katika mambo ya dini, mweleze hasa kilichokatazwa na sababu yake, na amfikie kabla ya ajali badala ya baada yake kama ilivyokuwa kwetu. Tulijifunza pia kwamba maswali ya mgonjwa ni madogo na ya kila saa: kidonda kilichofungwa kitatawadhiwa vipi, rukuu juu ya kiti iwe ya kiasi gani. Ami aliyajibu yote, na kila jibu lilimtuliza Baba kuliko kidonge.

Katika dawa tulikuwa wakali. Niliweka daftari la vidonge, presha na uzito wa kila asubuhi, kwa kuwa uzito kupanda zaidi ya kilo moja kwa siku huweza kuwa dalili ya maji kujikusanya mwilini. Nyuma ya jalada niliandika mambo ya kutupeleka hospitali bila kungoja: homa ya nyuzi 38, usaha, kidari kugonga anapojigeuza, pumzi kubana. Aliyeleta kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani, tulimshukuru na Baba akalinywa kwa nia njema. Aliyeleta mizizi ya kuchemsha tulimshukuru vilevile, lakini mizizi ilingoja tumuulize daktari, kwa kuwa ziko dawa za mitishamba zinazogongana na zile za kuzuia damu kuganda. Chumvi tuliipunguza katika chungu cha nyumba nzima, na Mama akajifunza kutegemea ndimu, tangawizi na tui jepesi. Ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, hatukumla tena, hata sisi wazima.

Mama ndiye tuliyemsahau. Kwa wiki tatu alilala kwenye mkeka kando ya kitanda, na kila tulipomwambia apumzike alijibu kuwa hiyo ndiyo thawabu yake, hadi dada yangu alipomkuta jikoni amesinzia kwa kusimama, moto ukiwaka. Tuligawana usiku kwa zamu siku hiyo hiyo. Mlezi naye anahitaji kuambiwa kwamba anayo rukhsa, na anahitaji mtu wa kukaa pale yeye akiondoka.

Yako mambo ambayo zamu haziyafikii. Baba alilia mara kadhaa bila sababu anayoijua, akadhani imani yake imepungua. Madaktari walikuwa wametuonya kwamba huzuni baada ya upasuaji wa moyo huwapata wengi, na kwamba ikiendelea kwa wiki kadhaa wajulishwe. Kulisikia hilo kulimwondolea aibu. Kilichomsaidia zaidi ni kutembea. Tulianza kitandani hadi dakani, kisha Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kisha hadi Mkunguni mbele ya ngome, kila mara baada ya alfajiri, kabla punda hawajaanza kupita na magunia ya mchanga, kwa maana katika vichochoro vyetu punda mwenye mzigo hampishi mtu, na kifua kile hakikufaa kuguswa.

Ramadhani ilipoingia hatukuhitaji tena kumwita ami. Baba mwenyewe alisoma aya ya Suratul Baqara inayompa mgonjwa ruhusa ya kuhesabu siku nyingine, akala chakula chake cha mchana chumbani, mlango ukiwa umefungwa kwa heshima ya waliofunga. Mwezi wa Mfunguo Tano daktari alizipanga dawa zake ziwe za daku na za futari, akamruhusu ajaribu siku moja moja. Daftari la uzito sasa liko kwake, na kwenye ukurasa wa mwisho ameanza kuweka alama: amelipa siku 11, amebakisha 19.