Usisubiri Kualikwa: Ushauri kwa Mgeni Anayetaka Kufurahia Maisha ya Nje Norway

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji aliyehamia Bergen kikazi. Aliandika mengi, ila lililonishika ni hili: "Dada, kila Jumatatu wenzangu ofisini wanasimuliana walikokuwa. Huyu alipanda mlima, yule alikwenda hytta, mwingine aliteleza kwenye theluji kwa ski. Mimi nakunywa kahawa yangu nasikiliza. Hajatokea hata mmoja wa kuniambia twende wote. Kosa langu ni nini?"

Nilimjibu siku ileile: huna kosa, ila acha kusubiri kualikwa. Halafu usiku sikulala vizuri, maana swali lake lilinitonesha kidonda.

Hytta, kwa wasioijua, ni kijumba cha mapumziko, mara nyingi cha mbao, kilichoko mlimani au ufukweni. Familia nyingi huku zinacho, na Pasaka ikikaribia ofisi haina mazungumzo mengine. Nani amepaka ski zake nta, nani anaondoka Jumatano, theluji imefika wapi. Mwaka wangu wa kwanza Oslo, mwenzangu mmoja ambaye meza yake iligusana na yangu aliniuliza nitafanya nini sikukuu. Nikamwambia sina mpango. Akasema, "Basi pumzika vizuri," akachukua mkoba wake akaondoka. Mkoba ule naukumbuka hadi leo, wa kijani, una kamba ya ngozi.

Nilikuwa pia nimejiunga na kikundi cha kukimbia. Watu wa adabu kabisa, na kwa mbio niliwaacha wengi wao, tena kwenye kilima. Tulikimbia, tukanyoosha misuli, kila mtu akashika njia yake. Miezi ikapita bila mtu kuniuliza jina langu linatamkwaje.

Baadaye nimekuja kuelewa mambo ya hytta. Vitanda vya kule vimehesabiwa, ndugu wanagawana wiki za mwaka, na kumpeleka mtu huko ni kumwingiza ndani ya ukoo. Mwenzangu hakunidharau. Nimeelewa, na bado iliniuma, na sitajifanya haikuniuma ili nionekane mkomavu.

Kilichonifanya nitoke ndani ya nyumba ni sheria. Ndiyo, sheria. Norway ina haki inayoitwa allemannsretten, iliyoandikwa kwenye sheria ya mwaka 1957. Inampa kila mtu ruhusa ya kutembea kwenye misitu, milima na fukwe zisizo shamba wala ua wa nyumba, hata kama ardhi hiyo ina mwenyewe. Haikuulizi pasipoti. Unaweza kupiga hema pia, mradi uwe umbali wa mita 150 au zaidi kutoka nyumba au kijumba cha mtu, na usikae sehemu moja zaidi ya usiku 2 bila ruhusa, isipokuwa milimani juu kabisa au mbali na makazi. Moto msituni na karibu na msitu umekatazwa kwa kawaida kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Septemba. Basi. Niliposoma hayo nikajiuliza mwaliko niliokuwa nausubiri ni wa nini, wakati nchi yenyewe imeshanialika kwa maandishi.

Nikaanza na Sognsvann, ziwa lililoko mwisho wa njia namba 5 ya treni ya chini ya ardhi ya Oslo. Unashuka, unatembea dakika chache, uko msituni. Huko nikagundua jambo ambalo hakuna aliyenieleza: watu walewale wanaokaa kimya kwenye treni hadi unadhani wamefiwa, wakikukuta msituni wanakusalimu. "Hei." Wengine wanasimama wanakuuliza njia ya mbele ina tope kiasi gani. Mazungumzo yangu ya kwanza ya Kinorwe yaliyokwenda vizuri yalihusu tope.

Majira ya baridi yalipoingia nikataka ski, na hapa naomba mnisikilize, maana wengi mnakimbilia dukani mnaumia mfukoni. Kuna mpango wa nchi nzima unaoitwa BUA, unaoazima vifaa vya michezo na vya nje bila malipo: ski, buti, hema, hata magodoro ya kulalia nje. Azima kwanza. Ukiazima, ulizia ski zenye mikanda ya manyoya kwa chini, zile wanazoita felleski. Manyoya yale yanashika theluji unapopanda, kwa hiyo huhitaji kujifunza elimu ya nta inayopakwa ski ili zishike theluji, elimu ambayo wenyeji wanaibishania mezani kwa saa nzima na bado hawakubaliani.

Utaanguka. Mimi nilianguka mbele ya watoto wa chekechea waliokuwa wamefungwa namba vifuani, na wote wakanipita. Namna ya kuinuka ndiyo ya kujifunza kabla ya kitu kingine chochote: lala ubavu, weka ski zote mbili sambamba na ziwe zimekingama na mteremko, kisha piga goti, inuka. Ukizielekeza bondeni zitaondoka na wewe. Leo hii naushuka mteremko kutoka Frognerseteren, kilimani Oslo, bila kusimama, na yule wa mkoba wa kijani ameniona nikifanya hivyo. Sikumwambia kitu. Nilimpungia mkono tu.

Kwa nyinyi mlioko Bergen, mna bahati ambayo mnailalamikia. Mvua ni nyingi, sikatai, lakini mji umezungukwa na milima inayofikika kwa miguu kutoka mtaani. Fløyen una kimo cha mita 320 hivi, na kuna treni ya mlimani, Fløibanen, inayofanya kazi tangu 1918. Panda kwa miguu, na magoti yakikataa shuka kwa treni. Ulriken ni mrefu zaidi, mita 643, na sehemu ya njia yake ina ngazi za mawe zilizojengwa na masherpa, watu wa milima ya Himalaya, waliotoka Nepal. Napenda sana kuwakumbusha watu hilo. Njia ambayo wenyeji wanaikimbilia kila jioni wakijipima nguvu imepangwa jiwe kwa jiwe na mikono ya wageni.

Mavazi nitayapitia haraka kwa sababu kila mtu atakuambia. Nguo ya ndani iwe ya sufu, kwa kuwa pamba ikishika jasho inabaki mbichi na kukugandisha. Juu yake kitu cha kutunza joto, kisha koti la kuzuia upepo na mvua. Desemba Oslo inapata mwanga wa kama saa 6 tu, kwa hiyo nunua taa ya kichwani na vibandiko vya kuakisi mwanga, utoke hivyohivyo gizani. Njia nyingi za ski karibu na mji zina taa jioni. Anayesema atatoka siku hali ya hewa ikiwa nzuri, namhurumia.

Usalama sipitii haraka. Wanorwe wana kanuni 9 za mlimani wanazofundishwa tangu utotoni, na ya 8 inasema geuka mapema, si aibu kurudi. Sisi wageni tuna tatizo na hiyo, tunataka kuthibitisha kitu. Usithibitishe kitu chochote mlimani. Mwambie mtu unakokwenda na saa utakayorudi. Barafu ya ziwa usiikanyage kwa kuona nyayo za mwingine. Inatakiwa iwe imara na unene wa angalau sentimita 10, na kwenye mdomo wa mto au mahali maji yanapotembea chini yake huwa nyembamba hata kukiwa na baridi kali.

Sasa marafiki, maana najua hicho ndicho mnachokitaka. Hamtawapata kwa kukimbia sambamba na mtu kimyakimya. Mtawapata kwenye dugnad, kazi za kujitolea ambazo kila klabu huku inazo. Mimi nilijiunga na DNT, chama cha wapanda milima kilichoanzishwa mwaka 1868, chenye vijumba zaidi ya 500 nchi nzima. Wanachama wanaweza kuazima ufunguo unaofungua vijumba vingi visivyo na mhudumu. Lakini sikuupenda uanachama kwa sababu ya ufunguo. Niliupenda siku nilipokwenda kusaidia kurudishia rangi alama za njia, ile herufi T nyekundu inayopakwa kwenye mawe milimani. Nilipewa kopo na brashi, nikapangwa na mama mmoja mstaafu. Tulipofika juu alikuwa ameshanijua jina, ukoo na sababu ya kuhama kwangu, na nilikuwa nimeshajua mwanawe hampigii simu. Huyo ndiye aliyenipeleka hytta kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo ndugu zangu, yale makundi ya simu tunamokaa Jumamosi nzima tukisemana kwamba watu wa huku ni baridi, tuyapunguze. Nasema hivi nikiwa mwanachama wa makundi hayo. Kuna mawe kwenye milima ya Norway yenye T niliyoipaka mimi, na mtu anayepotea kwenye ukungu anaifuata bila kuuliza aliyeipaka alizaliwa wapi. Tangu siku ile sijajiona mgeni kule juu.

Tafuta tawi la DNT lililo karibu nawe, waandikie kwamba uko tayari kusaidia njia, hata kama Kinorwe chako ni cha kubabaisha. Na siku ya kwenda vaa suruali usiyoipenda, maana ile rangi haitoki.