Mama alilalamika magoti, kumbe ni mgongo

Jamani kama nyumbani una mzazi ameanza kutembea kainama na kila mtu anakwambia ni uzee tu, naomba usome hii, maana sisi tulipoteza karibu mwaka mzima tunatibu magoti.

Mama yangu ana miaka 67. Wa kwanza kushtuka ni fundi cherehani wa mtaani kwetu, aliniuliza mbona madera ya mama siku hizi yanaburuza mbele halafu nyuma yanapanda, na vipimo ni vile vile vya siku zote? Sikumwelewa. Mama mwenyewe alikuwa analalamika magoti, na mapaja kuwaka moto, akitoka kwenda gengeni anasimama mara tatu nne kushika ukuta wa watu, na kadiri anavyoenda ndo anazidi kuinama. Hospitali wakamchoma sindano za goti, wakampa dawa za maumivu, hali ikabaki ile ile. Lakini nikimpeleka supamaketi akashika kile kitoroli cha kusukuma, anazunguka nusu saa hachoki!

Kitoroli ndo kilitoa jibu, ila mpaka tulipokutana na dada mmoja wa fiziotherapi ndo tukaelewa. Alimsimamisha mama ukutani, visigino na makalio vimegusa ukuta, kisogo hakifiki. Akatuambia pingili za kiunoni zimelika, ule mbonyeo wa kawaida wa kiuno umepotea, kwahiyo uzito wa kichwa na kifua umehamia mbele ya nyonga badala ya kukaa juu yake. Sasa mwili haukubali kuanguka, unajitetea, nyonga inajivuta nyuma, magoti yanakunjwa, ili mtu aweze kuona anakoenda. Jaribu wewe kutembea dakika tatu magoti yamekunjwa uone mapaja yatakavyokwambia, na mama alikuwa anaishi hivyo kila siku. Hatua nazo zinakuwa fupi, kwasababu mguu ukibaki nyuma nyonga inatakiwa inyooke zaidi, na yake imeshamaliza kunyooka kote kwa kumsimamisha tu. Kwenye kitoroli mikono inabeba kiwiliwili, na akiinama mbele ile njia ya mishipa ya fahamu mgongoni inapanuka kidogo, ndo maana miguu inapata nafuu.

Sasa ushauri wangu mkubwa kabisa ni huu. Mgonjwa wa hivi akiingia kwa dokta ameshakaa kwenye benchi masaa mawili, kapumzika, anasimama dakika moja anaonekana kanyooka vizuri tu. Misuli inaweza kuvumilia dakika moja, dakika kumi haiwezi. Kwahiyo mchukue vidio kwa simu, upande wa ubavuni, akianza kutembea na tena baada ya dakika kumi, umuonyeshe dokta. Mimi nilifanya hivyo na maongezi yakabadilika pale pale. Pia uliza kama inawezekana apigwe eksirei ya mgongo mzima akiwa amesimama, maana akilala kitandani ule mpindo unapungua na picha inaonyesha mambo mazuri kuliko yalivyo.

Operesheni zipo ila ni kubwa, na kwa umri wake tuliamua kwanza mazoezi, kunyoosha misuli ya mbele ya nyonga na kuimarisha makalio na mgongo, kila asubuhi kabla ya chai. Mkanda wa mgongo anavaa akiwa na kazi tu, ukiuvaa kutwa nzima misuli inazoea kubebwa. Na fimbo, tafadhali, msimpe tu ile ya marehemu babu. Avae viatu vyake, asimame, mikono ining'inie, mshikio uje usawa wa kifundo cha mkono, ikiwa fupi inamuinamisha zaidi. Sasa hivi mama anafika gengeni kwa kupumzika mara moja, hajapona ila anatoka nje, na kwangu hilo ni kubwa sana.

Ila kuna dalili za kutosubiri mazoezi wala vidio: miguu kuishiwa nguvu ghafla, ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kutoka bila kujijua au mkojo kugoma kabisa, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku. Na kama kibiongo kimejitokeza huku mtu anakonda, ana homa na anatoka jasho usiku, mwambieni dokta aangalie na kifua kikuu cha uti wa mgongo, kina dawa na kinatibika, ila kikicheleweshwa kinaweza kumpoozesha mtu miguu yote miwili.