Mtoto akiharisha na kutapika, tazama nini?

Hapa Kisauni, Mombasa, mtoto wa miezi minane akianza kuendesha, jibu la kwanza utakaloambiwa ni meno. Huwa nasikiliza kwa adabu, maana anayesema ni mtu mzima, kisha naendelea na yangu. Meno hayamkaushi mtoto maji. Ila umri huo ndio wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na virusi vya rota, viletavyo kuharisha, huwapenda sana watoto wa rika hilo. Chanjo yake ipo kliniki zetu tangu 2014.

Mtoto anyonyaye tu, choo chake huwa chepesi na huenda mara nyingi, usimhangaikie. La kushtua ni kugeuka: choo cha maji mara tatu au zaidi kwa siku, tofauti na alivyozoea.

Mama wengi huhesabu pampasi. Mimi namtazama mtoto mwenyewe. Macho yamezama? Akilia, machozi yanatoka? Ulimi umekauka? Amekojoa lini? Hilo la mkojo pampasi hulificha, kwani choo cha maji huchanganyika nao, kwa hiyo humfunga kipande cha leso kuukuu nikaona vizuri.

Kisha mlaze chali, ufinye ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, kwa kidole gumba na cha shahada, bila kucha. Shika kidogo, achilia. Ngozi yenye maji hurudi papo hapo. Ikirudi polepole, maji yameanza kumpungukia. Ikipita sekunde mbili, hali ni mbaya. Kwa mtoto mnono sana au aliyekonda sana kipimo hiki hudanganya, usikitegemee peke yake.

Mpe kinywaji kwa kijiko. Anayeking'ang'ania na kulia ukikiondoa, mwili umeishiwa maji: anza ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na umpeleke kliniki akaonwe. Aliyelegea, kunywa hawezi, huyo ni wa hospitali sasa hivi, hata ikiwa saa nane za usiku na tuktuk ni za kutafutwa.

ORS usingoje dalili hizo. Mwanzishie anapoanza tu kuharisha. Soma pakiti, kwani kuna za nusu lita na za lita nzima, na maji yawe yamechemshwa, hata ya mtungi wa mkokoteni yanayong'aa. Wa chini ya miaka miwili apate mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena polepole. Zinki apewe siku 10 hadi 14 hata kama tumbo limetulia. Ziwa usimkatize, na dawa za kufunga tumbo za watu wazima ziache dukani.

Damu kwenye choo, matapishi ya kijani, au choo kama maji ya mchele: hayo si ya kutibia nyumbani. Na akiwa na homa na kutapika bila kuharisha, usiseme ni tumbo tu. Pwani yetu hii, apimwe malaria, na mkojo pia.