Fundi wa Fremu Akikupiga Kalenda

Juzi kijana mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Kuna fundi nilimpa hela yote kabla ya mfungo anijengee fremu ya pikipiki ya skrambla, ile ya kupita njia mbovu. Idi imepita, simu hapokei. Nimwendee polisi au niendelee kusubiri?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hadharani kwa sababu najua mko wengi. Nani asiyetaka pikipiki isiyofanana na nyingine yoyote kuanzia Bunju hadi Chanika? Boxer kila kona, TVS kila kona. Mtu mwenye roho yake anataka fremu iliyokatwa kwa kimo chake. Kwa hiyo tusipoteze muda kujadili kama inafaa. Inafaa. Tuzungumzie fundi.

Yangu ni Honda CG125 ya zamani, niliirithi kwa baba mdogo. Niliitaka iwe na fremu ya mabomba mawili yanayoikumbatia injini kushoto na kulia, mtindo ule ambao fundi Rex McCandless wa Belfast aliwapa Norton, kampuni ya pikipiki ya Uingereza, na mwaka 1950 dereva wao Geoff Duke akashinda nao mbio za pikipiki za Senior TT kule Isle of Man. Fundi wa kwanza, wa Gerezani hapa Dar, jina simtaji, aliitazama picha kwenye simu yangu akasema, "Bosi, hii wiki tatu." Nikampa alichotaka. Mabomba nilinunua mwenyewe, yale yasiyo na mshono, bei yake unaijua. Nikampelekea pamoja na injini.

Tulipatana masika. Vuli ikanikuta bado nagonga geti lake. Leo gesi ya agoni, ile ya kuchomelea, imeisha. Kesho umeme hakuna. Keshokutwa mkerezaji, yule wa kuchonga vyuma kwa mashine, kafiwa, kaenda Morogoro. "Njoo Jumamosi bosi wangu, Jumamosi hiyo hukosi." Jumamosi unafika, kijana wa karakana anakwambia fundi katoka sasa hivi, na kikombe chake cha chai kiko juu ya benchi kinafuka moshi.

Sasa sikiliza hili. Yale mabomba nilikuwa nimeyachovya ncha kwenye rangi ya bluu iliyobaki nilipopaka geti la nyumbani Segerea, ili yasichanganyike na ya watu. Siku moja nafika pale, nje kuna guta jipya limepigwa rangi nyekundu, linasubiri mwenyewe. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Chini ya kiti cha dereva, pale ambapo rangi nyekundu haikufika, bluu yangu hiyo hapo, upana wa vidole viwili. Nilipomuuliza fundi hakubabaika hata kidogo. "Bosi, mabomba ni mabomba. Yako yanakuja." Nilichukua injini yangu siku hiyo hiyo kwa bajaji. Mpaka leo nikipita mtaa ule nageuza shingo upande wa pili.

Watu wanasema mafundi ni wavivu. Yule hakuwa mvivu, alikuwa anachomelea tangu asubuhi mpaka giza linaingia, ila hakuwa anachomelea kazi yangu. Hela yangu ilimaliza kazi ya mtu aliyenitangulia, na yangu ilikuwa inasubiri mteja mwingine aingie mlangoni na advansi. Ukishalielewa hili, hutamuuliza tena fundi "lini?" Utamuuliza "umenunua nini?" Na usidhani ni shida ya Gerezani tu. Norton ilikuwa kampuni ya pikipiki yenye jina lake, lakini fremu zile ilitengenezewa na Reynolds, watu wa mabomba, kwa sababu yenyewe haikuwa na uwezo wa kuzitoa. Mwenye bomba na mchomeleaji ndiye mwenye saa.

Fundi wangu wa pili alikuwa Vingunguti, mzee mmoja mpole. Hapo nilibadilisha utaratibu wote, na ndio ninaokupa.

Mabomba yalikaa kwangu, chini ya kitanda, mke wangu analalamika. Niliyapeleka siku ya kukunja na kukata, nikakaa pale pale kwenye ndoo iliyogeuzwa mpaka yakakatwa. Bomba likishakatwa kwa kipimo chako haliendi kwenye guta la mtu. Injini nzima sikumpa tena. Injini nyingi za Kichina zimenakiliwa kutoka CG, kwa hiyo nilitafuta kwenye chakavu kasha tupu la injini iliyokufa, nikalilinganisha na langu mashimo ya kufungia yakakubali, nikampa hilo alipimie. Injini yangu ikabaki nyumbani imefunikwa shuka. Kumbuka fundi hawezi kujenga fremu hewani: anahitaji kasha, rimu mbili, shokapu na tenki. Ukimcheleweshea kimoja umempa kisingizio cha mwezi mzima, na safari hii atakuwa na haki.

Malipo kwa hatua. Bomba limekunjwa, nalipa. Fremu imeshikizwa kwa nukta na injini imekaa, nalipa. Imechomelewa yote, nalipa. Fungu la mwisho, tena lile nono, tairi zikizunguka. Vikombe vya beringi za shingo, pale usukani unapozungukia, nilivipeleka mwenyewe kwa mkerezaji, nikasimama mbele ya mashine mpaka vikatoka. Fundi wa fremu anategemea mkerezaji, mwenye mashine ya kukunja na mpaka rangi, na kila mmoja ana foleni yake. Foleni moja ukiibeba wewe, umeokoa muda kuliko kupiga simu ishirini. Narudia, kwa sababu mnasoma halafu mnasahau: usilipe kazi usiyoiona. Usilipe!

Ila kuna mahali hutakiwi kuharakisha, nako ni kwenye kuchomelea. Chuma kikipoa huvuta. Fundi akichomelea upande mmoja moja kwa moja, shingo inahama, na pikipiki itavuta upande mmoja maisha yake yote. Yule mzee alikuwa anapiga kipande kushoto, anahamia kulia, anaacha ipoe, anapima tena kwa uzi kutoka shingoni hadi kwenye ekseli ya nyuma. Siku hizo nilimnunulia chai na nikanyamaza. Wengi wenu kunyamaza hamuwezi. Mnataka picha ya kuweka kwenye status kabla fremu haijapoa.

Shingo ya zamani usiitupe. Kwenye CG yangu ndipo namba ya chesesi ilipogongwa, na namba hiyo ndiyo iliyo kwenye kadi. Mimi fremu mpya ilijengwa kuizunguka shingo ile ile. Wewe nenda TRA ukaulize kabla grainda haijagusa chuma, maana trafiki wa Tazara hana habari na ndoto zako.

Sasa swali lako la polisi. Kazi kuchelewa kwa kawaida ni madai, si jinai, na deni la mkataba kama hilo unaweza kulipeleka mahakama ya mwanzo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua hata makubaliano ya mdomo, kazi ni kuyathibitisha. Kwa hiyo kabla ya yote chapa miamala yako ya simu. Kisha nenda kwa fundi Jumatatu asubuhi mapema, kabla hajatoka, na mtu mzima mmoja anayemheshimu. Usigombe. Mwambie akuonyeshe kilichopo, hata kama ni vipande viwili. Kipo? Andikianeni karatasi ya hatua zilizobaki, na tarehe iandikwe kuwa ndiyo sharti lenyewe, wote watatu mtie saini. Hakipo? Dai hela kwa mafungu, na kila kitu chako kilichopo pale, hadi nati, kiondoke na wewe siku hiyo hiyo. Bajaji kutoka pale hadi Mbagala haikushindi.