Muziki wa ufukweni kwa gitaa kavu, kutoka Mbeya hadi Matema

Wapigaji wengi wa Mbeya na Tukuyu wakishuka Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, wikiendi hudhani muziki wa ufukweni ni kulegeza mkono tu. Mkono ukilegea, mdundo nao unalegea, na baada ya nyimbo mbili watu wanarudi kwenye simu zao. Utulivu wa muziki huu ni wa msikilizaji. Mkono wa mpigaji unakwenda kama wa mtu anayetwanga: haupumziki, unapunguza nguvu tu.

Anza na kodi nne (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), C, Am, F na G. F kamili huwashinda wengi kwa sababu kidole cha shahada lazima kilale juu ya nyuzi zote. Iache. Ukihesabu nyuzi kutoka ile nyembamba kabisa, na freti (vijumba kati ya vyuma vya shingo) kutoka kichwani mwa gitaa, bonyeza uzi wa nne kwenye freti ya tatu, wa tatu kwenye freti ya pili, wa pili kwenye freti ya kwanza, uzi wa kwanza uachie wazi, na usiguse wa tano wala wa sita. Sauti yake ni laini kuliko F yenyewe, na kwa muziki huu inafaa zaidi.

Pigo lenyewe lina hesabu nne. Kwenye moja shuka, kwenye mbili shuka kisha panda. Kwenye tatu mkono unashuka hewani bila kugusa nyuzi, unazigusa ukipanda. Kwenye nne shuka kisha panda. Kosa kubwa liko hapo kwenye tatu: mtu anasimamisha mkono badala ya kuupitisha, kisha anakimbilia nne kufidia. Weka metronomu ya simu kwenye mapigo 70 kwa dakika mpaka mkono uzoee, halafu panda hadi kati ya 84 na 96. Ukipita 100 umeshaanza muziki mwingine. Mkono ukishuka, ziguse nyuzi nene zaidi. Ukipanda, zikwaruze mbili au tatu nyembamba tu. Anayepiga zote sita kwenda na kurudi hutoa kelele inayofunika sauti ya mwimbaji.

Ukitaka ladha ya Hawaii yenyewe, legeza nyuzi. Gitaa lilifika visiwani huko na wachunga ng'ombe kutoka Mexico miaka ya 1830, na wenyeji wakaunda mtindo wao wa kulitegesha, yaani kupanga sauti za nyuzi. Uzi wa sita ushushe kutoka E hadi D, wa tano kutoka A hadi G, wa kwanza kutoka E hadi D. Tatu zilizobaki ziache zilivyo. Sasa nyuzi zikipigwa wazi ni kodi ya G. Kidole kimoja kikilala kwenye freti ya tano unapata C, ya saba unapata D. Dole gumba lizunguke kati ya uzi wa tano na wa nne bila kukatika, vidole vingine vichezee nyuzi nyembamba. Seti ya nyuzi za 10 (namba ni unene wa uzi wa kwanza, kwa sehemu za elfu za inchi) itagonga freti na kulia zzz kwa sababu zimelegea mno, kwa hiyo nunua za 12.

Sasa kuimba, ambako wengi huharibu. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini melodia zilizoazimwa kwa Waingereza na Wamarekani mara nyingi humalizia mstari kwenye silabi nzito. Matokeo yake mtu akiimba usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, anasema "usipaaa" huku "pa" ikibeba uzito usio wake. Iweke "si" juu ya pigo la kwanza, "u" itangulie kidogo, na "pa" ianguke nyepesi baada ya pigo. Fanya hivyo kila mwisho wa mstari, na wimbo utatulia bila kubadilisha kodi hata moja. Na maneno yawe ya hapa. Minazi na ramu ni vya nyimbo za Karibi, waachie wenyewe. Kyela, wilaya iliko Matema, ina mpunga, kakao inayoanikwa, michikichi, samaki mbasa wa kuchoma, na mvua ya masika isiyojua adabu. Huko kuna nyimbo za kutosha.

Gitaa lenyewe linahitaji uangalizi. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Ndani ya saa chache mbao zinatoka kwenye baridi kavu ya Juni na kuingia kwenye joto lenye unyevu. Kabla ya safari legeza kila uzi nusu toni au toni nzima, na ukae na gitaa kwenye kiti. Buti la basi lina joto, na joto hulainisha gundi, kisha daraja linaloshika nyuzi linaanza kuinuka. Ukifika, liache ndani ya begi, kivulini, nusu saa hadi saa nzima ndipo ulitegeshe. Ukilitegesha papo hapo, utarudia kazi hiyo baada ya kila wimbo. Maji ya Nyasa hayana chumvi, kwa hiyo kutu ya huku inatokana na jasho na unyevu. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza. Ukirudi nyanda za juu wakati wa kiangazi, tatizo linageuka: mbao hukauka, ncha za freti zinaanza kukwaruza kiganja, na ubao wa mbele unaweza kupasuka. Toboa kisanduku cha sabuni, weka humo kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, ukiweke ndani ya begi pamoja na gitaa. Sponji isidondoshe hata tone.

Ngoma kubwa usibebe. Sanduku la kukalia, kahoni, linatosha. Ni chombo cha Peru, kilichozaliwa mikononi mwa Waafrika waliokuwa utumwani huko. Fundi seremala yeyote anaweza kulitengeneza: urefu sentimita 48, upana 30, kina 30, kuta za plaiwudi ya milimita 12, uso wa mbele milimita 3, na tundu la kipenyo cha sentimita 12 upande wa nyuma. Simama naye wakati anafunga uso wa mbele. Kwa mazoea ya kutengeneza makabati atataka kuupiga gundi pande zote, na ukikauka sanduku litalia kama mlango. Ufungwe kwa skrubu, na pembe mbili za juu ziachwe huru kidogo ili zipige "ta" unapozichapa kwa vidole. Nyuzi kuukuu za chuma za gitaa zitegwe kwa ndani zikigusa uso huo, zitatoa mchakacho. Manyanga au kayamba ya kukamilisha haikosekani.

Ufukweni hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Wasikilizaji wakae nusu duara, wasizidi mita tano au sita kutoka kwako. Jioni upepo mara nyingi hushuka kutoka milima ya Livingstone kwenda ziwani, hivyo mpe mlima mgongo, watu wakae kati yako na maji. Moto uwe mita tatu pembeni, usiwe mbele yako, maana joto lake hutibua tyuni na moshi hukausha koo. Miezi ya Mei hadi Agosti upepo wa kusini huleta mawimbi yanayomeza kabisa upigaji wa vidole, basi siku hizo rudi kwenye pigo la mkono mzima au ingia nyuma ya nyumba.

Kabla ya kupanga tarehe, angalia mwezi. Usiku wa giza wavuvi wa usipa wako majini na taa zao, na waliobaki ufukweni wana kazi. Mbalamwezi ikiwaka uvuvi wa taa hupungua, mitumbwi hukaa nchi kavu, na hapo ndipo utapata wasikilizaji. Ila omba ruhusa kabla hujakalia mtumbwi wa mtu.