Kruzi kontroli kwenye GX100 ya 1JZ: anza na breki, spidi baadaye

Watu wengi wakishavika GX100 (Toyota Mark II, Chaser au Cresta) injini kubwa zaidi ya Toyota, 1JZ, hela inayobaki huishia kwenye rimu na ekzosi. Yangu niliipeleka kwenye kruzi kontroli, kifaa kinachoshika spidi uliyoweka bila mguu kukanyaga mafuta, na mpaka leo kuna washkaji wanaosema nimezeeka. Ni haohao ambao tukifika Iringa huanza kuuliza nimeifungaje.

Sababu yangu ni tochi ya trafiki ya kupimia spidi. Injini ya 1G-FE ya GX100 za mwanzo ilikuwa na cc 2,000 na nguvu za farasi 140. 1JZ-GE yenye VVT-i ina cc 2,500 na farasi 200, halafu iko kimya. Unapita kibao cha 50 baada ya Chalinze ukiamini mguu umetulia, kumbe mshale umeshafika 63 na trafiki aliye chini ya mwarobaini ameshakuona zamani. Hapo ni faini, na safari ndiyo kwanza inaanza. Kruzi inatunza spidi vizuri kuliko mguu wangu, hasa kwenye gari ambalo nguvu zake zimezidi zile lilizozaliwa nazo.

Kwa taarifa tu, aliyebuni kifaa hiki alikuwa haoni. Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani, alipofuka akiwa mtoto. Inasimuliwa kwamba alikerwa na wakili wake ambaye kila akiongea alikuwa anapunguza mwendo, akinyamaza anaongeza. Hataza yake ilitoka 1950, na mwaka wa 1958 Chrysler wakaanza kukiuza kwenye gari lao la Imperial. Kwa hiyo si mambo ya anasa za juzi.

Kabla ya kununua chochote, fungua boneti uangalie throto, mlango unaoingiza hewa kwenye injini uliyofunga. Ukikuta haina kebo, ina soketi ya waya tu, una bahati. Hapo kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontroli boksi, ndiyo inayofungua throto, na mara nyingi programu ya kruzi imo ndani tayari inasubiri kuamshwa. Kwenye mchoro wa waya wa Toyota nyingi kuna pini iliyoandikwa CCS; hiyo ni ya mkono wa kruzi unaokaa kwenye usukani. Pini ikiwepo na ukawa na swichi sahihi ya breki, kazi iliyobaki ni ndogo. Waliofunga kompyuta za kujipangia, kama Haltech au Link, wana kipengele hicho kwenye programu zake. Pia kuna vifaa vinavyokaa kati ya pedeli ya mafuta na kompyuta, vikiigiza volti za pedeli. Vinafanya kazi, ila mimi sipendi kitu cha tatu kikae katikati ya mguu na injini.

Mtego upo kwenye injini kama 1UZ-FE ya VVT-i. Ina kebo, mtu anafurahi, lakini kebo ile inaishia kwenye sensa iliyobandikwa kwenye throto. Kipepeo chenyewe, yaani kile kibati ndani ya throto, kinazungushwa na mota. Hiyo ihesabu kundi la umeme, ufuate njia ya kompyuta.

Yangu ni ya kebo tupu, na kwa kebo kuna njia mbili za maana. Moja ni kuagiza kifaa cha kufunga kwenye gari lolote, mfano kile cha Rostra cha Marekani, chenye mota yake, kebo yake na vijiswichi vidogo vya kuchagua idadi ya mapigo ya spidi, yaani alama za umeme zinazotoka kwenye sensa ya mwendo. Ya pili ni kuchukua mfumo mzima kutoka Toyota kubwa ya miaka ya 90 iliyochinjwa, kama Celsior: kompyuta ndogo ya kruzi, mota yenye kebo, na mkono wa usukani. Nilichagua ya pili kwa sababu vitu hivi ukivumilia vinapatikana Ilala, na soketi zake zinafanana na za gari lenyewe. Sharti langu kwa muuzaji lilikuwa moja: vyote vitoke gari moja, na kila soketi ikatwe ikiwa na mkia mrefu wa waya. Muuzaji anayekwambia "soketi utapata tu, kaka" hajawahi kuitafuta.

Zile za zamani zinazovuta kwa upepo wa manifoldi ziache, hasa kama una 1JZ-GTE, ile ya turbo. Turbo ikianza kusukuma, manifoldi inajaa presha badala ya kunyonya, na hiyo hutokea mlimani, pale pale unapoihitaji. Watu hufunga valvu ya njia moja na tangi la akiba, lakini kwa nini uhangaike wakati mota ya umeme ipo?

Sasa kazi yenyewe. Ushauri wangu, ambao mafundi wengi hawaupendi kwa sababu unachelewesha raha, ni kwamba mfumo ujengwe kuanzia upande wa kuachia. Hakikisha kwanza kwamba kruzi itaachia kila unapotaka, hata kitu kimoja kikiharibika. Kushika spidi ni kazi rahisi.

Anza mezani. Ndani ya mota ya Toyota kuna klachi ya sumaku, na ndiyo roho ya usalama wake. Pima nyaya za klachi hiyo kwa mita: ohm 38 hivi, ikipanda au kushuka kidogo si neno. Halafu shika mkono wa mota kwa vidole. Bila umeme unazunguka laini, unaenda na kurudi bila kukwama. Ipe klachi volti 12, utasikia "tki" ndogo, na mkono unakuwa mgumu kama umechomelewa. Ondoa waya, uwe huru papo hapo. Rudia mpaka uchoke. Ukisita kuachia hata mara moja, mota hiyo usiifunge kwenye gari, hata kama uliinunua kwa bei ya kutupa.

Ukishaelewa klachi hiyo, swichi ya breki inajieleza. Swichi ya gari lisilo na kruzi huwa na pini mbili: ukikanyaga, umeme unaenda kwenye taa. Ya gari lenye kruzi ina pini nne, na jozi ile ya pili inafanya kinyume: umeme unapita muda wote, ukikanyaga unakatika. Umeme wa klachi ya sumaku unapita hapo. Kwa hiyo ukigusa breki, klachi inakosa umeme na throto inafunga, kompyuta itake isitake.

Fundi wangu wa umeme, kijana hodari tu, alitaka njia ya mkato. "Bosi, tunachukua hapa kwenye taa ya breki. Ukikanyaga inapata moto, kompyuta inajua, inakata. Imeisha hiyo."

"Na siku fyuzi ya taa za breki ikiungua?"

Akakuna kichwa. "Hapo sasa."

Tukaenda kutafuta swichi ya pini nne. Kibano cha pedeli ni kilekile, inaingia bila kuchonga, na haigharimu hata robo ya rimu moja. Ikishakaa, irekebishe ili jozi ya pili ikate mapema, pedeli ikishuka kidogo tu.

Waliofunga kile cha Rostra wajihadhari na balbu za LED kwenye taa za breki. Kompyuta yake huutazama waya wa taa na kutegemea kuona hasi kupitia balbu ya kawaida breki ikiwa haijakanyagwa. LED haiipi hasi hiyo, kruzi inagoma kuwaka, na mtu anakesha akilaumu kifaa. Rudisha balbu ya kawaida moja au weka rilei.

Gari la gia za mkono linahitaji pia swichi ya klachi, inayokata kama ya breki. Fikiria umeweka 90, unakanyaga klachi ubadilishe gia, na kruzi inaona spidi inashuka. Itafanya nini? Itafungua throto, injini haina mzigo, na mshale wa mzunguko unakimbilia kwenye nyekundu. Nimeona gari zilizobadilishwa kutoka otomatiki kwenda manuali ambazo swichi hii haipo kabisa. Kwa otomatiki, kazi hiyo hufanywa na swichi ya gia, inayoiambia kompyuta kama gari liko kwenye D.

Alama ya spidi ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu ukibadilisha injini mara nyingi umebadilisha na gia boksi, na pengine difu. Mita nyingi za Kijapani zimepangwa kwa mizunguko 637 kwa kilomita, na kruzi ya Toyota inataka mapigo 4 kwa kila mzunguko. Zidisha: mapigo 2,548 kwa kilomita. Ukitembea 60 kwa saa ni kilomita moja kwa dakika, yaani mapigo 42 na ushee kwa sekunde. Mita ya umeme inayosoma Hz, yaani mapigo kwa sekunde, inatosha kukuonesha. Mwenzako aendeshe, wewe shika nyaya. Ukikuta 42 kwenye 60, endelea. Ukikuta mara tano yake, umechukua waya mapema mno. Kuna sensa zinazotoa mapigo 20 kwa mzunguko, na dashibodi ndiyo inayoyapunguza kuwa 4. Chukua waya unaotoka kwenye dashibodi, achana na ule unaoingia. Namba ikirukaruka gari likiwa kwenye mwendo mmoja, kagua nyaya za hasi kati ya injini na bodi. Baada ya kuhamisha injini, hizo ndizo zinazosahaulika.

Mita yako ikiwa inadanganya kwa kilomita tano, kruzi haijali. Yenyewe inashika idadi ya mapigo tu. Anayejali ni trafiki, kwa hiyo linganisha na GPS ya simu ujue 50 ya kweli iko wapi kwenye mita yako.

Mkono wa usukani nao una siri. Ndani yake ni vipingamizi tu, kila kitufe na ohm zake. Aina ya zamani huwa karibu 70 kwa kurudisha spidi, 200 kwa kuweka na 420 kwa kufuta. Aina ya baadaye ni 240, 630 na 1,540. Ukichanganya mkono wa kizazi kimoja na kompyuta ya kingine, unabonyeza kuweka yenyewe inaelewa kitu kingine kabisa. Pima kabla ya kulipa, sekunde chache tu. Angalia pia ule utepe wa waya unaojizungusha chini ya usukani, uwe na njia ya ziada ya kruzi. Ukifungua hapo, chomoa betri kwanza na usubiri, kwa sababu ya eabegi.

Kebo ya mota tuliipitisha mbali na manifoldi ya ekzosi, kwa mkunjo mpana. Throto yangu ilikuwa na mfereji wa kebo moja, ikabidi fundi wa kuchonga anitengenezee mkono wa pili pembeni. Mkono huo unasukuma throto ifunguke, lakini mguu ukizidisha mafuta unaachana nao bila kuuvuta. Acha ulegevu wa milimita moja au mbili, injini ikiwa slensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukibana sana, slensa inapanda. Ukilegeza sana, gari linasukasuka barabarani, linaenda na kusita. Springi za kurudisha throto ziwe zote mbili na ziwe nzima. Zungusha usukani mwisho kulia na kushoto, tikisa injini kwa mkono, uone kebo haigusi kitu.

Mtu atakushauri ujaribu gari likiwa juu ya jeki. Kataa. Magurudumu hewani hayana mzigo, throto ikifunguka kidogo spidi inaruka, kompyuta inafunga, inafungua tena, na wewe unadhani kifaa ni kibovu wakati gari linazunguka juu ya vyuma viwili.

Mimi nilikwenda kujaribia barabara ya Bagamoyo hadi Msata, asubuhi kabla ya malori. Kruzi ya Toyota haikubali chini ya 40 hivi, kwa hiyo weka 60, halafu mara moja gusa breki. Weka tena, gusa klachi. Weka tena, tumia kitufe cha kufuta. Weka tena, zima swichi kuu. Zote nne zikiachia bila kusita, ndipo uende 80 na uanze kufurahia.

Jua mipaka yake. Spidi ikishuka kilomita kama 16 chini ya ile uliyoweka, inajikata, kwa hiyo kupanda mlima Kitonga ukiwa gia ya tano usiishangae. Kushuka Kitonga ni hatari zaidi: mfumo huu unafunga throto tu, breki haugusi, na gari litazidi spidi uliyoweka. Mvua ikinyesha nazima. Ndani ya hifadhi ya Mikumi nazima pia, na kijiji chenye mnada, bodaboda na watoto wa shule 50 yake naishika kwa mguu.

Kila ukimwaga oili, chungulia kebo mwishoni inapoingia kwenye mkono wa throto. Nyuzi zake huanza kukatika moja moja hapo, na uzi mmoja uliochomoza unatosha kuizuia kebo kurudi.