Gauni la 1863 huanzia ndani: kwa fundi anayeanza

Mteja wangu wa kwanza wa gauni la aina hii nilimpima kama ninavyompima mtu yeyote: amesimama, fulana mwilini, nami na futikamba yangu. Alikuwa akijiandaa kwenda Gettysburg, Pennsylvania, ambako watu huvaa mavazi ya enzi hizo na kuigiza pigano la tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Gauni likatoka safi. Siku ya kujaribu akalivaa juu ya koseti (vazi la kubana kiuno) na krinolini (fremu ya pete inayotanua sketi): kiuno kinapwaya, pindo limepanda, viatu vyote viko nje. Nikalifumua.

Kwa hiyo usikate kitambaa cha gauni kabla nguo za ndani hazijawa tayari: shimizi, koseti, krinolini, kisha gaguro la kuficha pete za krinolini. Krinolini za pete za chuma zilishika soko kuanzia 1856, na ndizo zinazobeba sketi. Mpime akiwa amevaa vyote hivyo. Urefu wa sketi upime mbele, ubavuni na nyuma, maana haulingani.

Sehemu ya juu ijaribu kwanza kwa marekani, kitambaa cha pamba cha bei nafuu. (Jina hilo si bure: miaka ya kabla ya vita hivyo meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikishusha kitambaa hicho Unguja.) Hapa mkono uliozoea utakudanganya. Mshono wa bega umerudi nyuma, na mkono wa gauni haukuungwa begani bali chini yake kidogo. Mimi nilidhani nimekosea, nikapunguza bega, nikaharibu kitambaa. Uache ulivyo.

Kazi yenyewe iko kiunoni. Una sketi ya mita nne kuzunguka na kiuno cha sentimita 68. Ukipiga marinda ya kawaida utapata furushi. Kunja ukingo wa juu kwa ndani kama sentimita tano, usiukate. Piga bandi mistari miwili kwa mkono, uzi maradufu, kila hatua nusu sentimita, na hatua za mstari wa pili zikae chini kabisa ya zile za kwanza. Zikipishana, umeharibu. Vuta nyuzi zote pamoja: kitambaa kitajikusanya vikunjo vyembamba, vimesimama wima kama kurasa za kitabu. Sasa kila kikunjo kishonee kwenye mkanda wa kiuno, nchani tu. Mimi hunichukua jioni mbili na vidole vinauma, lakini sketi inaruka nje kuanzia kiunoni kwa namna ambayo cherehani haiwezi kuiga.

Cherehani usiiogope, enzi hizo ilikuwapo: Singer, mtengenezaji wa cherehani wa Marekani, alipata hataza yake 1851. Itumie kwenye mishono mirefu iliyonyooka. Ovaloki hapana, zipu hapana kabisa. Gauni la mchana hufungwa mbele kwa kulabu.

Kitambaa: muuzaji atakuapia kuwa ni pamba tupu. Chomoa uzi, uchome. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu; poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Kambini kwa waigizaji kuna moto wa kuni, na mvaaji haoni ukingo wa sketi yake unapita wapi.

Pindo liwe la mwisho, na mwambie mteja aje na viatu atakavyovaa siku hiyo. Wangu alikuja na ndala.